Presha ilikuwa nzuri hadi alipopewa usingizi: mwili unavyoficha upungufu wa damu, na dawa inavyoufichua

#1 Jiwe la Bismarck (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam. Wiki iliyopita, katika uzi mwingine, ndugu mmoja wa hapa Mwanza alieleza kwa uchungu kwamba dada yake aliingia chumba cha upasuaji akiwa anazungumza, presha imeandikwa kwenye faili 110 kwa 80, na dakika chache baada ya kupewa dawa ya usingizi presha hiyo haikusomeka tena. Wachangiaji wengi walihitimisha hapo hapo kwamba aliyemchoma sindano alikosea dawa. Kesi ile sitaihukumu, kwa sababu sikuwamo. Lakini nimefanya kazi ya kutoa usingizi kandokando ya ziwa hili kwa miaka kumi na mitano, na jambo lililoelezwa pale nimeliona zaidi ya mara moja. Mara ya kwanza likiwa mikononi mwangu mwenyewe.

Nilikuwa na miezi minne tu tangu nihitimu. Usiku aliletwa binti wa miaka 24 kutoka mwalo mmoja wa wavuvi, mimba imetunga nje ya kizazi na mrija umepasuka. Presha ilikuwa 108 kwa 84, mapigo ya moyo 126 kwa dakika. Alijibu kila nilichomuuliza, na yeye akaniuliza kama atashonwa nyuzi nyingi. Mikono yake ilikuwa baridi kama sato aliyetoka kwenye barafu, na nilipobonyeza ukucha wa kidole gumba, weupe ulikaa hadi nikahesabu nne kabla wekundu haujarudi. Niliviona vyote hivyo, kisha nikaifuata namba ya 108. Alikuwa na kilo 60 hivi, nikampa propofoli, dawa ya usingizi ya kwenye mshipa, miligramu 120, kipimo kile kile tulichofundishwa kwa mtu mzima mwenye afya. Baada ya nusu dakika bado alikuwa anapepesa kope, nikaongeza 40. Daktari alipofungua tumbo, mashine ya presha ilijaza hewa mara tatu mfululizo bila kutoa namba yoyote, na shingoni nilipapasa mpigo mwembamba ambao sikuwa na hakika kama ni wake au ni wa vidole vyangu.

Alipona, na nitaeleza baadaye tulimrudishaje. Kwanza tuangalie kilichokuwa kikiendelea ndani ya mishipa yake.

Mwanamke wa kilo 60 ana damu ya lita nne, pungufu kidogo. Tumboni tulikuta lita moja na robo hivi, yaani karibu theluthi. Kwa nini basi presha ilisoma vizuri? Kwa sababu presha haipimi kiasi cha damu. Presha ni zao la vitu viwili: damu inayosukumwa na moyo kwa dakika moja, na ukinzani wa mishipa midogo inayopokea damu hiyo. Kimoja kikipungua na kingine kikaongezeka kwa kadiri ile ile, namba inabaki pale pale. Tuchukue moyo unaosukuma lita 5 kwa dakika na wastani wa presha wa 90. Damu ikipotea, moyo ukabaki kusukuma lita 3.5, mishipa ikijibana kiasi cha ukinzani kupanda kwa zaidi ya asilimia 40, wastani utaendelea kuwa 90. Anayetazama kioo cha mashine ataona mtu mwenye afya, na anayeshika mkono atahisi baridi.

Wanaobana mishipa hiyo ni askari wanaofanya kazi bila kuagizwa na nia yetu. Kwenye ukuta wa mishipa mikubwa ya shingo, pale inapogawanyika, na kwenye upinde wa mshipa mkuu unaotoka moyoni, kuna vihisi vinavyopima jinsi ukuta unavyotanuka kwa kila pigo. Ukuta ukitanuka kidogo kuliko kawaida, taarifa inayofika kwenye shina la ubongo hupungua, na shina la ubongo hujibu ndani ya sekunde chache kwa kupiga kelele kupitia neva za simpathetiki: moyo uende mbio na upige kwa nguvu, mishipa ya ngozi, misuli, utumbo na figo ijibane. Ubongo na moyo wenyewe huachiwa njia wazi. Ndiyo maana binti yule aliweza kuuliza habari za nyuzi huku vidole vyake vikiwa vimenyimwa damu.

Kuna kazi nyingine ambayo haizungumzwi sana, nayo kwangu ndiyo kiini cha uzi huu. Sehemu kubwa ya damu, asilimia 60 hadi 70, haiko kwenye ateri; iko kwenye vena. Vena ni mfuko mlegevu. Ukitia maji kwenye mfuko wa nailoni, yale ya mwanzo yanaujaza tu bila kuutanua. Ni yale ya mwisho yanayoukaza hadi maji yakatamani kutoka. Kinachorudisha damu moyoni ni ile sehemu ya mwisho inayoukaza mfuko. Anayevuja damu anapoteza ile ya kukaza, na mwili humfidia kwa kuubana mfuko wenyewe, hasa mishipa ya utumbo na ini, ili damu iliyokuwa imekaa tu igeuke kuwa damu ya kukaza. Mtu anaweza kupoteza hadi asilimia 15 ya damu yake kwa namna hii, na kipimo cha presha kisibadilike kabisa.

#2 Jiwe la Bismarck (mleta mada)

Naendelea. Sasa ingiza dawa ya usingizi katika picha hiyo.

Propofoli hulegeza ateri, hulegeza vena, hupunguza nguvu ya moyo kiasi, na zaidi ya yote huziba masikio ya ile mitambo ya kuhisi presha, hivyo mapigo hayapandi kama ambavyo yangepaswa kupanda presha inaposhuka. Halotheni, dawa ya usingizi ya kuvuta ambayo baadhi yetu tumeitumia miaka mingi katika hospitali ndogo, hudhoofisha moyo na huzima mwitikio wa mapigo. Isoflureni, nayo ya kuvuta, huuachia moyo mapigo yake kwa kiasi fulani lakini hulegeza mishipa. Rudi kwenye hesabu yangu: moyo unasukuma lita 3.5, ukinzani uliopanda unarudi kwenye hali ya kawaida, wastani wa presha unaanguka kutoka 90 hadi 63 kabla hata tone moja zaidi la damu halijapotea. Kisha mfuko wa vena unalegea, damu iliyokuwa inakaza inarudi kuwa damu ya kukaa tu, moyo unabaki kusukuma lita 2.5, na wastani unafika 45. Hapo mashine ya kufunga mkononi ndipo inapoanza kujaza hewa na kukata tamaa.

Kosa langu la pili, lile la kuongeza miligramu 40, lina maelezo yake pia. Kwa mtu mwenye mzunguko mzuri, dawa inayoingia kwenye mshipa wa mkono hufika kwenye ubongo kwa muda wa nusu dakika hivi. Kwa aliyepoteza damu, safari hiyo ni ndefu. Isitoshe, damu iliyobaki ni kidogo na sehemu kubwa yake inaelekezwa kwenye ubongo na moyo, kwa hiyo dawa ile ile inafika huko ikiwa kali zaidi. Anahitaji kidogo, na anahitaji kusubiriwa. Mimi nilimpa nyingi na sikusubiri.

Tukio la tatu ni la kisu. Damu iliyojaa tumboni ilikuwa imejenga shinikizo lililokuwa likikandamiza sehemu inayovuja. Tumbo lilipofunguliwa, mkandamizo uliondoka. Na wakati huo huo mashine ya kupumulia ilikuwa inamsukumia hewa kifuani. Sisi tunapovuta pumzi wenyewe, kifua hufyonza damu kutoka kwenye vena kuelekea moyoni. Mashine inaposukuma hewa, hufanya kinyume chake. Kwa mtu mwenye damu ya kutosha tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mwenye mfuko uliolegea, kila pumzi ya mashine inaufungia moyo mlango kwa muda.

Tulimrudisha hivi: nilifunga dawa ya kuvuta, nikaacha oksijeni peke yake, adrenalini kidogo kidogo, dripu mbili zikikamuliwa kwa mikono, na daktari akaubana mrija unaovuja kwa vidole kabla hajatafuta koleo. Nasisitiza hilo la vidole kwa sababu lilifanya kazi kubwa kuliko sindano zangu zote. Benki ya damu ilikuwa na chupa mbili tu za kundi lake. Nyingine tuliichota tumboni mwake mwenyewe kwa kikombe kilichotakaswa, tukaichuja kwa matabaka ya gozi, tukaitia kwenye mfuko wenye sitreti ili isigande, tukamrudishia. Njia hiyo ni ya zamani na inatumika hadi leo, kwa sharti kwamba damu ni mbichi na haijachanganyika na uchafu wa utumbo.

Maswali karibuni.

#3 Fundi Bomba Igoma

Mleta mada, shikamoo, na ahsante kwa kukiri kosa hadharani. Mimi ndiye niliyeandika habari za dada yangu wiki iliyopita. Maelezo ya mabomba nayaelewa, kwa sababu ndiyo kazi yangu: juu kule Mabatini na Bugarika, kwenye nyumba zilizokaa juu ya mawe, maji yakipungua chini kwenye bomba kuu mtu wa bondeni anaendelea kuoga na wa mlimani anabaki na ndoo tupu. Swali langu ni moja. Kama dawa hizi zinaiangusha presha ya mtu aliyepungukiwa damu, kwa nini msimjaze maji ya dripu hadi atosheke, ndipo mumpe usingizi? Chupa za maji ya chumvi hazikosekani.

#4 Jiwe la Bismarck (mleta mada)

Marahaba ndugu yangu, na pole sana kwa dada. Mfano wako wa mlimani ni sahihi kuliko wangu: mgonjwa akiinuliwa kichwa wakati mfuko umelegea, ubongo wake ndiyo nyumba ya Mabatini.

Kuhusu maji ya chumvi, jibu ni ndiyo na hapana. Ndiyo, kwa sababu moyo mtupu hauwezi kusukuma kitu, na katika dakika za kwanza maji ni bora kuliko mfuko mtupu. Hapana, kwa sababu tatu zinazofuatana. Maji hayo hayakai ndani ya mishipa; kati ya kila lita unayomwaga, karibu robo tu ndiyo itabaki ndani baada ya muda, iliyobaki itahamia kwenye nyama za mwili. Pili, ukiipandisha presha wakati tundu halijazibwa, unalisukuma bonge la damu lililokuwa limeanza kuziba, na unazimua vile vitu vinavyogandisha damu. Ya tatu ni ya hesabu. Gramu moja ya himoglobini hubeba mililita 1.34 za oksijeni. Mwenye himoglobini ya 12, yaani gramu 12 katika kila desilita ya damu, moyo ukisukuma lita 5, anapeleka mwilini mililita 800 hivi za oksijeni kwa dakika, na mwili unatumia kama 250. Ukimzimua hadi himoglobini ikawa 6, mzigo huo unakuwa 400. Mtu aliye macho na mwenye moyo imara atafidia kwa moyo kusukuma zaidi na kwa nyama za mwili kunyonya oksijeni zaidi kutoka katika kila tone. Aliye chini ya halotheni amefungwa mkono wa kwanza.

Na hapa Kanda ya Ziwa wengi hawaanzii kwenye 12. Malaria, minyoo, siko seli na mimba za karibu karibu huwafikisha mezani wakiwa na 8 au 7, nao wamezoea hali hiyo kiasi kwamba wanatembea kwa miguu hadi kituoni.

Kwa hiyo tunachofanya ni kumwekea kanula mbili nene, kumpa maji kiasi cha kuushika mpigo wa mkono, kuagiza damu mapema, na kumwanzishia usingizi akiwa tayari juu ya meza, ameshapakwa dawa ya kuua vijidudu, daktari ameshika kisu. Kumsubirisha wodini ajae ilhali anavuja ni kujaza pipa lililotoboka.

#5 Mkufunzi Mstaafu

Naomba kuongeza historia kidogo, kwa kuwa nilifundisha fiziolojia miaka mingi na kisa hiki nilikuwa nakitumia darasani. Shambulio la Pearl Harbor la tarehe 7 Desemba 1941 lilileta majeruhi wengi waliovuja damu, na baadhi yao walipewa thayopentoni, dawa ya usingizi ya kwenye mshipa iliyokuwa bado ngeni. Mwaka 1943 daktari wa upasuaji aitwaye Halford aliandika makala kali akiilaani dawa hiyo kwa majeruhi wa vita, na kwa miongo kadhaa vizazi vya wanafunzi viliambiwa kwamba thayopentoni iliua watu wengi kuliko mabomu. Kumbukumbu za hospitali zilipochambuliwa baadaye, ilionekana kwamba vifo vilivyotokana na usingizi vilikuwa vichache sana kuliko ilivyosimuliwa. Pamoja na hayo somo la fiziolojia lilibaki kuwa la kweli: kipimo cha mtu mzima mwenye afya si kipimo cha mtu aliyevuja.

Mleta mada, umetaja propofoli na halotheni lakini umeiruka ketamini, ambayo ndiyo kimbilio la hospitali nyingi za wilaya. Wanafunzi wangu walikuwa wakiamini kwamba ketamini haishushi presha. Unasemaje?

#6 Jiwe la Bismarck (mleta mada)

Mwalimu, heshima yako. Ketamini ni rafiki, lakini rafiki mwenye mipaka. Yenyewe haiupi moyo nguvu; inawachochea wale wale askari wa simpathetiki wafanye kazi zaidi, na kwa hiyo presha hupanda au hubaki. Ikimkuta mgonjwa ambaye askari wake wameshapiga mbio usiku kucha na risasi zimewaishia, kinachobaki ni athari yake ya moja kwa moja juu ya misuli ya moyo, nayo ni ya kuudhoofisha. Nimeona presha ikishuka baada ya ketamini kwa mama aliyekuwa amevuja tangu alfajiri na kufika kwetu jioni. Kwa hiyo mimi huichagua, lakini kwa nusu ya kipimo, na wakati mwingine pungufu ya nusu.

#7 Binti wa Nansio

Habari za kazi wataalamu. Mimi ni mkunga kisiwani Ukerewe. Nina maswali mawili. La kwanza: kwa akina mama wa upasuaji wa kujifungua, sindano ya mgongo haiwalazi usingizi, moyo haudhoofishwi na dawa, mbona presha inaporomoka hata kabla ya kisu? La pili: mama aliyevuja nikimpima himoglobini naikuta 11, namwambia daktari wa upande wa pili, ananijibu kwamba hajavuja sana. Nimekuwa nikipingana nao kwenye simu bila kuwa na maelezo.

#8 Jiwe la Bismarck (mleta mada)

Dada mkunga, swali la pili ndilo jepesi, nalianza. Himoglobini ni kipimo cha ukolezi, si cha wingi. Ukimwaga nusu ya sufuria ya chai, iliyobaki ina rangi ile ile. Ukolezi unaanza kushuka pale tu maji ya mwili yanapoingia kwenye mishipa kuziba pengo, na hilo huchukua saa nyingi, isipokuwa wewe mwenyewe uliharakishe kwa dripu. Kwa hiyo 11 ya saa ya kwanza haimwambii daktari chochote kuhusu damu iliyo sakafuni. Mwambie mapigo na namba ya juu ya presha; mapigo yakikaribia kulingana na namba hiyo ya juu, au yakiipita, huyo mama amevuja, hata kama namba ya presha peke yake inapendeza.

Sindano ya mgongo inahitaji maelezo marefu. Kwa upasuaji wa kujifungua ganzi inatakiwa ifike usawa wa chuchu. Neva za simpathetiki zinazobana mishipa ya miguu, nyonga na tumbo hutoka kwenye uti wa mgongo chini ya hapo, kwa hiyo ganzi inazikata zote kwa pamoja. Mishipa ya nusu ya mwili inalegea ndani ya dakika chache. Ganzi ikipanda zaidi, inafikia hata zile neva zinazoukimbiza moyo, na ukiongeza kwamba moyo usiojaa vizuri una tabia ya kupunguza mapigo wenyewe, unapata picha inayowatisha wageni: presha 60 na mapigo 48. Mtu angetarajia mapigo yapande. Ile njia ya kuyapandisha ndiyo imekatwa. Kwa mama mwenye damu ya kutosha, hili tunalitibu vizuri kwa fenilefrini au efedrini, dawa za kupandisha presha, na kwa kumlaza amelalia ubavu wa kushoto kidogo ili tumbo lisikandamize vena kubwa. Kwa mama anayevuja, kondo limeachia au limetangulia na damu inatoka, sindano ya mgongo inamnyang'anya ile ngao iliyombakiza hai. Huyo anapewa nusu kaputi, na kwa uangalifu ule niliousema.

Mjamzito ana ujanja wa ziada. Mwishoni mwa mimba damu yake imeongezeka kwa asilimia 40 hivi, kwa hiyo anaweza kupoteza lita nzima na zaidi akiwa bado anatabasamu. Lakini kizazi chake kinapokea mililita 600 hadi 700 za damu kila dakika. Akianza kuporomoka, huporomoka kwa kasi ambayo mwanamume aliyevunjika paja kwa bodaboda haifikii.

Jambo moja kuhusu oksitosini, kwa kuwa wewe ndiye unayeishika: ikisukumwa yuniti 10 kwa mkupuo kwenye mshipa, inalegeza mishipa ya mwili mzima hata inapokuwa inakaza kizazi. Mama aliyekwisha kupungukiwa anaweza kuanguka kwa sindano hiyo hiyo iliyokusudiwa kumwokoa. Kwenye msuli ni salama zaidi. Kwenye mshipa iwe polepole.

#9 Mzee wa Mwaloni

Vijana wangu, mimi ni mchuuzi wa samaki Kirumba, si daktari. Mwaka juzi ndugu yangu alitapika damu ndoo nzima, tukaambiwa ni kichocho cha ziwani kimeharibu ini. Alipelekwa kufungwa mishipa ya koo la chakula kwa mpira, akapewa dawa ya kulala. Daktari aligoma kumwongezea chupa ya tatu ya damu ingawa tulikuwa na wachangiaji wamepanga foleni nje. Tulimwona ni mbaya. Je, hilo nalo lina hesabu zake?

#10 Jiwe la Bismarck (mleta mada)

Shikamoo mzee wangu. Lina hesabu, na pengine ndilo swali la kwetu kuliko yote hapa, kwa sababu kichocho cha tumbo ni mwenzetu wa kila siku kandokando ya ziwa.

Mayai ya kichocho yakinasa kwenye ini, yanaacha makovu kuzunguka mishipa inayoleta damu kutoka utumboni. Damu inakosa njia, inarudi nyuma, bandama inavimba hadi kitovuni, na mishipa ya koo la chakula inatuna kama kamba. Nilisema juu kwamba hazina ya akiba ya mwili iko kwenye mishipa ya utumbo na ini. Kwa ndugu yako hazina hiyo ilikuwa imekwama nyuma ya ukuta, na mishipa yake ya tumboni ilikuwa imezoea kulegea, kiasi kwamba haitii vizuri amri ya kujibana. Ndiyo maana mtu kama huyo huanguka mapema zaidi akivuja na huanguka zaidi akipewa dawa ya usingizi.

Sasa kuhusu chupa ya tatu. Damu ikijazwa kupita kiasi, shinikizo linapanda nyuma ya ule ukuta pia, na mshipa uliofungwa unaweza kupasuka tena. Kwa wagonjwa hawa lengo ni himoglobini ya 7 hadi 8, si zaidi, na walioshikiliwa kwenye kiwango hicho wanaishi zaidi kuliko waliojazwa. Daktari yule alikuwa anamlinda ndugu yako, mzee wangu, ingawa alipaswa kutoka nje akawaeleza ninyi pamoja na wale wachangiaji.

#11 Mwanafunzi wa Usingizi

Kaka, mimi niko mwaka wa pili. Mgonjwa akiwa ameshalala, hazungumzi, ngozi imefunikwa kwa shuka za kijani, na mapigo nayo umesema dawa inaweza kuyazuia yasipande. Nitajuaje kwamba anavuja kabla presha haijaniambia?

#12 Jiwe la Bismarck (mleta mada)

Mdogo wangu, ukiwa na kipimo cha kabonidayoksaidi ya pumzi, kitazame kabla ya kutazama presha. Hewa hiyo hufikishwa kwenye mapafu na damu. Mashine ikiwa inapumulia kwa kiwango kile kile na namba ikashuka kutoka 36 hadi 26 ndani ya dakika mbili, moyo umeacha kuleta damu ya kutosha. Mawimbi ya kipimo cha kidoleni yakianza kupanda na kushuka kwa kufuata pumzi za mashine, ule mfuko umelegea. Mkojo ukipungua chini ya nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, figo zimeshanyimwa. Na usione haya kuinama chini ya meza. Damu ya kweli iko kwenye chupa ya kufyonzea, kwenye gozi, chini ya makalio ya mgonjwa na ndani ya viatu vya daktari, na macho yetu hukadiria pungufu, hasa ikiwa nyingi. Utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, matokeo yake yakachapishwa 2023, uliwawekea akina mama waliojifungua kwa njia ya kawaida shuka lenye mfuko wa kupimia damu na kuwapa wakunga matibabu ya pamoja papo hapo. Uvujaji mkubwa na madhara yake makubwa vilipungua kwa asilimia 60. Kilichobadilika pale hakikuwa dawa mpya.

Jambo la mwisho kwako: usingizi ukiwa mwepesi, maumivu ya kisu huwaamsha wale askari na presha hupanda, ukadhani mambo ni shwari. Umeongeza dawa, maumivu yamezimwa, ndipo unaona ukweli.

#13 Binti wa Nansio

Kaka, ahsante. Nikiwa na mama anayevuja na chombo cha kuvuka kwenda Mwanza hakijafika, nianze na nini?

#14 Jiwe la Bismarck (mleta mada)

Dada, kandamiza kwanza panapovuja, kwa mikono miwili ikibidi. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia kuzuia uvujaji, gramu 1 kwenye mshipa, polepole kwa dakika kumi, ndani ya saa tatu tangu alipoanza kuvuja. Kila robo saa ya kuchelewa inapunguza faida yake kwa asilimia 10 hivi. Mfunike apate joto, kwa sababu damu baridi haigandi vizuri, na upepo wa ziwani usiku unaujua kuliko mimi. Usimpe dawa ya kumtuliza kwa sababu tu anahangaika. Kuhangaika huko mara nyingi ni ubongo unaolilia oksijeni. Na piga simu itafutwe damu kabla hajapandishwa chomboni, si baada ya kushuka.

#15 Fundi Bomba Igoma

Nimesoma yote, na nimerudi kwenye faili la dada. Mapigo yaliandikwa 132. Sikuwa nimeiangalia namba hiyo. Yeye yuko nyumbani sasa, wiki ya tatu, anachoka akipanda ngazi tatu tu. Damu yake itarudi lini?

#16 Jiwe la Bismarck (mleta mada)

Alhamdulillahi yuko nyumbani. Maji ya damu yalisharudi ndani ya siku mbili tatu za kwanza. Chembe nyekundu ndizo zinazochukua muda, wiki sita hadi nane au zaidi kwa aliyeanza na akiba ndogo ya madini ya chuma. Vidonge alivyopewa avimeze kwa maji, na chai aisogeze mbele kwa saa moja au mbili, kwa kuwa chai huyazuia madini hayo yasifyonzwe. Wiki ya sita arudi kupimwa himoglobini.